Naomba ushauri: mimba na kolesteroli ya juu

Habari zenu ndugu zangu. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, tunaishi Arua, Uganda. Kolesteroli yake ilikuwa juu hata kabla ya mimba. Dawa za statini, za kushusha kolesteroli, daktari alizisimamisha. Najua mimba yenyewe huipandisha, ila hili linaninyima usingizi: mwaka 1997 mtafiti Claudio Napoli na wenzake walikuta michirizi ya mafuta, dalili ya mwanzo ya mishipa kuziba, ndani ya mshipa mkuu wa damu wa vijusi (watoto walio tumboni), mingi zaidi pale mama alipokuwa na kolesteroli ya juu. Alama za kemikali zinazowasha na kuzima jeni nazo zinatajwa kuwa njia ambayo kolesteroli ya mama huenda ikamwathiri mtoto. Tumepunguza samli na vya kukaanga, tunakula mukene (dagaa), maharage, mchicha. Je, lishe pekee inatosha kwa miezi iliyobaki? Na mtoto apimwe kolesteroli akifikia umri gani?