Barua yetu kwa direkta: batoto bafasiriwe kwa Kiswahili kwanza. Munaona je?

Bazazi wenzangu ba Bukavu, hapa Kongo, naomba tubishane iyi mambo kwa roho safi. Siye bazazi kidogo ba hapa mu komini ya Kadutu tuliandika barua kwa direkta wa shule ya batoto betu, tunamuomba vitu viwili: mu mwaka ya kwanza na ya pili somo mupya ifasiriwe kwanza kwa Kiswahili, Kifaransa kifundishwe kila siku kama somo yake, alafu mtoto mwenye anasema Kiswahili mu kiwanja asipigishwe tena magoti. Ni ile tu. Ku mkutano ya bazazi kelele ikatoka, baba mmoja akasema tunataka kuzika batoto ba maskini.

Niseme kitu kilinifanya nitie saini. Kijana wangu iko mwaka ya tatu, siku moja akarudi na zero mu kaye, hesabu iliandikwa «partager 24 mangues entre 6 enfants», ni kusema gawia batoto 6 maembe 24, yeye akaandika 30. Nilikasirika, nusu nimuchape. Usiku tukaikala karibu na taa nikatoa maharagi 24 mu kikapo, nikamuambia gawia batoto sita sawasawa. Hata hakugusa maharagi. Akasema «ine ine, mama». Kumbe kugawa anajua tangu zamani, ile neno partager njo hakujua, akaona namba mbili akajumlisha. Miaka mbili nzima anaandika vitu vya ubao bila kuvisikia, na mimi nilikuwa naona kaye imejaa nafurahi.

Sasa yule baba. Anasema mutihani ya mwisho wa primeri ni Kifaransa, Examen d'Etat ya mwisho wa sekondari ni Kifaransa, kazi ni Kifaransa, na batoto ba benye pesa banasoma Kifaransa tupu. Ni kweli, sikatae, na mimi nataka wangu akijue vizuri. Lakini bale batoto banasikia Kifaransa ku meza na ku televizio, betu banakisikia kwa mwalimu mmoja tu, mu darasa zenye zilijaa tangu primeri ya serikali ikuwe bure mu 2019. Mtoto mwenye anaelewa kugawa kwa luga yake, partager ni neno moja tu ya kuongeza. Mwenye haelewe anakosa vyote viwili.

Na hatukuvumbua kitu. Sheria ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya masomo inasema luga za taifa ao luga za mahali zinatumika kufundisha. Katiba ya 2006, artikle ya kwanza kabisa, inataja Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kama luga za taifa.

Tena mwalimu mwenyewe, muulizeni pembeni. Akiona batoto bamekodoa macho anafasiria kwa Kiswahili, sauti chini, inspektere akiingia anarudilia Kifaransa kama mwenye kukamatwa na wizi. Kiswahili kiko mu darasa tayari. Tunaomba mwalimu asikifiche.

Mwenye alinisumbua kweli ni mama mmoja, aliuliza Kiswahili gani? Ku nyumba kwake banasema Mashi, luga ya Bashi, alafu buku inasema «watoto wanakwenda», betu banasema «batoto banaenda». Ile ya buku sioni shida, mtoto anaizoea mbio. Ya Mashi ni nguvu zaidi. Mimi nawaza hapa mu mji batoto banacheza kwa Kiswahili hata kama nyumbani ni Mashi ao Kirega, kule Walungu, ku vijiji vya Bashi, ingekuwa Mashi, na sheria inaruhusu. Lakini kama mutoto wako alifika mujini juzi tu, sema, juu tunaweza kuongeza mustari.

Barua inaenda siku ya kwanza, njo Jumatatu. Tuko majina 31, na mama mmoja muuza sombe alitia kidole, akaomba tumusomee yote mara mbili mbele ya kukanyaga wino. Mwenye anapinga aandike hapa ni mustari gani tutoe.