Kamba, kuku, nguruwe au mboga tupu: kipi kinavumilia wageni wachelewaji?

JikoDogo (mleta mada)
Wakuu, habari za wakati huu. Jumamosi nina wageni sita. Jiko langu lina plate mbili, oveni ipo ila ndogo. Nataka sahani kuu moja, pembeni wali mweupe, basi. Nimebaki na hizi nne: kamba wa kitunguu saumu na hoho, mapaja ya kuku na uyoga, bega la nguruwe la kupika taratibu, au biringanya na zukini za kuchoma kwenye oveni na sosi ya nyanya.

Ladha zote nazipenda, hapo sina ugomvi. Shida ni muda. Hawa watu wakikwambia saa moja, saa mbili na nusu ndiyo wanaanza kuuliza njia. Nilinganishieni kama watu mnaopika nyumbani, mambo ya hotelini tuyaache. Nawasilisha.

BiMwiko
Kamba futa. Kamba anapikwa wageni wakiwa wameshanawa mikono. Wa saizi ya kati dakika mbili upande wa kwanza, moja na nusu wa pili, kwisha. Ukiona amejikunja nusu duara na ile nyama ya kioo imegeuka nyeupe kote, toa. Akijifunga mpaka mkia unagusa shingo, ameshapitiliza. Na ukimpasha moto tena ndiyo unamkakamaza kabisa.

Halafu watu msidanganywe na rangi. Ile rangi ya waridi ilikuwamo ndani ya gamba tangu mwanzo, imeshikwa na protini, na moto unaifungulia mapema. Angalia nyama yenyewe, hasa sehemu nene karibu na kichwa.

KisuButu
BiMwiko nakuheshimu lakini hapo umemfunga kamba bila kumsikiliza. Kinachochukua muda ni sosi, na sosi inapikwa hata mchana. Bandua kamba, maganda yakaange na kitunguu mpaka yanukie, maji kidogo, dakika 20, chuja. Kwenye supu hiyo malizia hoho, saumu na nyanya, funika, weka pembeni. Kamba wenyewe wakae friji wakiwa wamekaushwa vizuri kwa karatasi. Wageni wakikaa, unakaanga kwa mafungu mawili, unamwagia sosi ya moto. Dakika kumi hazifiki.

Kukausha msikuchukulie poa. Kamba mwenye maji juu anachemka badala ya kukaangika, kwa sababu moto wote unakwenda kugeuza maji kuwa mvuke, na penye maji joto halipandi zaidi ya nyuzi 100. Rangi ya kahawia inataka 140 kwenda juu.

MamaSufuria
Mnahangaika bure. Mtu akichelewa, dawa yake ni bega la nguruwe. Vipande vya sentimita nne au tano, kaanga upate rangi pande zote, kitunguu, saumu, tangawizi, supu ifike nusu ya nyama, funika, moto mdogo kabisa, saa mbili na nusu mpaka tatu. Wakichelewa saa nzima, nyama haina habari nao. Pika hata Ijumaa: usiku mafuta yanaganda juu, asubuhi unayaengua kwa kijiko, na ladha imeingia zaidi.

Siri iko kwenye zile nyuzi ngumu za bega. Ni kolajeni, na kuanzia nyuzi 70 hivi inaanza kulainika kuwa jelatini, ila pole pole, ndiyo maana mchuzi unashika midomo. Usije ukauziwa sarara ukaipika hivyo! Sarara haina kolajeni ya maana, ukiichemsha saa tatu unapata vumbi. Hiyo inaivishwa mpaka nyuzi 63 ndani, inapumzishwa dakika 3, inakatwa. Wizara ya kilimo ya Marekani ilishusha kiwango hicho mwaka 2011 kutoka 71, kwa nyama nzima, siyo ya kusaga.

Mpitanjia
Kabla hamjaendelea, wageni wanakula nini na hawali nini?

JikoDogo
Nimewauliza sasa hivi. Mmoja hali nguruwe, mwingine ana mzio wa kamba.

Mpitanjia
Basi nusu ya uzi imekufa. Na supu ya maganda ya KisuButu isikaribie chakula cha huyo wa mzio, wala mwiko uliokorogea. Mzio haujali kama nyama ya kamba yenyewe imo au haimo.

MamaSufuria
Haya. Bega nalipika mwenyewe.

FundiChumvi
Tumebaki na kuku, na mleta mada umechagua vizuri kusema mapaja. Kidari na paja wote usalama wao ni nyuzi 74 pale katikati. Tofauti ni kinachofuata. Kidari kikipita hapo kinakauka unakiona. Paja lina mafuta na kolajeni zaidi, kwa hiyo kwenye 80 mpaka 85 ndipo linapolainika vizuri. Wageni wakichelewa nusu saa, kidari kimeharibika, paja limenoga. Nunua yenye mfupa na ngozi.

Ijumaa usiku paka chumvi, gramu 10 kwa kilo, uyapange kwenye sahani ndani ya friji, rafu ya chini, bila kufunika, ngozi ikauke. Usiyaoshe, maji yanarusha vijidudu kwenye sinki na vyombo. Jumamosi, kikaango kizito, moto wa kati, ngozi chini, dakika 12 mpaka 15 na usiguse. Ukijaribu kuinua paja likagoma, liache. Ngozi ikiwa tayari inaachia yenyewe, na utasikia mlio wa mafuta umepungua.

Toa kuku, tupia uyoga humo humo. Uyoga karibu asilimia 90 ni maji, kwa hiyo kwanza kikaango kitajaa maji na utadhani umeharibu. Usiondoe. Yaache yakauke, mlio wa kukaanga urudi, hapo ndipo uyoga unapata rangi. Kitunguu, saumu, kijiko cha unga wa ngano, supu vikombe viwili, kwangua ukoko wote wa chini. Rudisha mapaja ngozi juu, mchuzi uishie ubavuni. Ngozi ikizama, kazi yote ya friji imepotea. Oveni nyuzi 180, dakika 25 mpaka 30. Wakichelewa, shusha mpaka 90, acha humo. Chakula cha kusubiri kisipoe chini ya 60.

BustaniYangu
Nimesoma uzi wote, mboga hajazisemea mtu hata mmoja, kana kwamba ni mapambo ya sahani. Kati ya zote nne, mboga ndizo peke yake zinazoliwa na kila mtu mezani na hazihitaji kubaki moto. Biringanya iliyochomwa ikapoa kidogo ni tamu kuliko ya moto, mimi nitabishana na yeyote. Oveni 220, vipande visigusane, maana vikibanana vinatoa mvuke na kulowana. Na biringanya usiimiminie mafuta, inayanyonya yote papo hapo halafu unaongeza na unaongeza. Yachanganye na vipande kwa mikono kwenye bakuli kwanza. Sosi ya nyanya iende chini ya mboga, siyo juu.

JikoDogo
Nimeshawishika: mapaja na uyoga, mboga pembeni. Ila oveni ni moja, huku 220, kule 180. Nifanyeje?

BustaniYangu
Mboga kwanza, kama dakika 35, zitoe zipoe mezani. Fungua mlango wa oveni kidogo, shusha, ingiza kuku.

FundiChumvi
Sawa kabisa. Na ukiwa unakaanga ngozi wakati mboga zipo ndani, hupotezi muda wowote. Mabaki yaingie friji ndani ya saa 2, yanakaa siku 3 au 4. Ngozi haitarudi kuwa kavu, kwa hiyo wagawie ngozi zote siku hiyo hiyo.

KisuButu
Ngozi ibaki? Kwa wageni gani hao?