Landrover 109 ya 1976: niondoe breki za dramu niweke za diski mbele?

Nyanza109, Isamilo, Mwanza

Wakuu habari za jioni. Nina Landrover 109 ya 1976, springi za bapa, breki za dramu magurudumu yote manne, haina sevo (kile kifaa cha kuongezea mguu nguvu kwenye breki), na breki ni mfumo mmoja, yaani bomba likipasuka popote gari zima halina breki. Niliinunua Magu miaka mitatu iliyopita, kuku wakiwa wanalala ndani yake. Kazi zote nimezifanya mwenyewe chini ya mwembe, isipokuwa breki. Breki niliziogopa, nikampa fundi.

Jumamosi nilikuwa natoka Magu na magunia manane ya mpunga. Kuanzia Kisesa naiona nzito, nakanyaga mafuta haitaki kwenda, na kuna harufu kama kitambaa kinaungua. Nikapita Igoma, nikapita Nyakato, nikijiambia nitafika. Mabatini kwenye foleni nakanyaga breki, pedali ikazama hadi chini. Nikapampu mara tatu, ya nne ikashika. Bampa yangu ilibaki kiganja kimoja kuigusa bajaji iliyobeba mama na watoto wawili. Mtoto mkubwa alikuwa ananitazama kupitia kile kidirisha cha nailoni cha nyuma. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Nimeamua kuweka diski mbele na springi za paraboliki kote, hapa hapa nyumbani. Nina jeki ya tani tano, stendi mbili, na jirani ana mashine ya kuchomelea. Isamilo mnaijua, ukitoka getini ni mteremko. Ekseli ya Discovery ya zamani itaingia? Masta silinda niliyonayo, ile pampu ya pedali inayosukuma mafuta ya breki, itatosha? Nianze na breki au springi?

LandaMusoma

Pole sana mkuu. Mimi nilifunga ekseli ya mbele ya Discovery 1 kwenye 109 yangu. Inaingia, ila si kufungua na kufunga. Ile ni ya springi za koili, kwa hiyo unakata vishikio vyake na kuchomelea vikalio vya springi za bapa, na ukikosea pembe kidogo tu usukani unakuwa haurudi wenyewe.

Baada ya hapo breki ikawa ngumu kama nakanyaga ukuta. Shuu, kile kipande kinachobana dramu kwa ndani, ikigusa, mzunguko wa gurudumu wenyewe unaizidi kuibana. Diski haina msaada huo, inataka mguu au sevo. Nikaweka sevo. Halafu pedi, zile zinazobana diski, zikawa haziachii, kwa sababu masta ya dramu ina kivalvu kinachobakiza presha kidogo kwenye mabomba. Kwa dramu ni sawa, kwa diski pedi zinasugua muda wote. Nikabadili na masta pia. Leo inasimama vizuri na sijutii, lakini gari ilikaa juu ya mawe miezi mitano.

MzeeSpana, Nyakato

Kijana wangu, pole, na umshukuru Mungu kwa ile kanyaga ya nne. Usinunue kitu kwanza. Ulivyoeleza, mimi sisikii gari lenye breki ndogo, nasikia breki zilizokataa kuachia. Gari nzito, harufu, kisha pedali inazama: shuu zilikuwa zinasugua njia nzima, dramu zikapata moto, mafuta ya breki yakachemka kwenye silinda. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika, ndiyo maana mguu ukazama. Ukiweka diski juu ya ugonjwa huo, diski nazo zitaungua.

Fanya hivi leo. Fungua kifuniko cha tenki la mafuta ya breki, utazame raba yake. Ikiwa imelegea na kutanuka hata hairudi mahali pake, hiyo ni dalili. Kisha chota matone machache ya mafuta hayo uyadondoshe kwenye glasi ya maji. Mafuta halisi ya breki, DOT 3 au DOT 4, yanayeyuka kwenye maji. Yakielea juu, kuna mtu aliongeza oili. Oili yoyote, ya injini au ya stelingi, inavimbisha raba za breki hizi. Raba ya masta ikivimba inaziba kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye tenki, basi presha inabaki imefungiwa.

Na nisikie vizuri hapa kwa sababu unakaa mlimani: hendibreki ya Landrover haishiki magurudumu, inashika propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu ekseli ya nyuma) nyuma ya transfa, ile giaboksi ya pili. Ukiinua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki, difu (gia za katikati ya ekseli) inaliacha lile lizunguke na gari linaondoka, hendibreki ikiwa imevutwa hadi mwisho. Nimewahi kumtoa mtu chini ya gari kwa ajili hiyo. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, ndipo uguse jeki.

Nyanza109

Shikamoo mzee. Nimefanya. Raba ya kifuniko imejikunja kama sikio la mbuzi. Kwenye glasi, tone liligawanyika mbele ya macho yangu: sehemu ikapotea majini, na juu likabaki duara jekundu la mafuta, linang'aa. Mafuta ya stelingi. Niliita mke wangu aje aone. Nimekasirika kiasi kwamba ilibidi nikae chini kwanza. Mtu nilimlipa, akaniwekea hayo, na watoto wale walikuwa mbele yangu.

MzeeSpana, Nyakato

Marahaba. Hasira iache, shika spana. Raba zote zilizoguswa na mafuta hayo ni za kutupa, hata zile zinazoonekana nzima: masta, silinda sita za magurudumuni (mbele ni mbili kila gurudumu, nyuma moja moja) na hosi zote tatu za mpira. Mabomba ya chuma yasafishe kwa spiriti, yakauke kabisa. Shuu zilizolowa mafuta usizioshe kwa petroli, nunua mpya. Vumbi la shuu za zamani usilipulize kwa kompresa, linaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe, ufute kwa kitambaa. Dramu zikiwa na mtaro, zipeleke kwa mkereza vyuma.

Ukirudisha, mbele kila shuu ina ajasta yake. Kaza mpaka gurudumu likamate, legeza mpaka liwe huru tu, ndipo uende kwa ya pili. Wengi wanaajasti moja na kusahau nyingine. Kutoa upepo anza gurudumu la mbali na masta, nyuma kushoto kwa gari la usukani wa kulia.

Springi za paraboliki ni nzuri, lakini za kwako umezifungua ukaziona? Nyingi zimeshikana kwa kutu, bapa zote zimekuwa ubao mmoja. Zitenganishe, piga brashi ya waya, paka grisi, badili bushi. Bolti za bushi usizikaze gari likiwa linaning'inia. Lishushe, lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze, la sivyo mpira wa bushi unakaa umesokotwa na utachanika mapema. Na usichanganye ya kulia na ya kushoto, upande wa dereva hutofautiana.

Nyanza109

Mzee, siku kumi na moja. Ajasta mbili za mbele kulia zilikuwa zimeota kutu, hazijawahi kuguswa. Shuu moja ilikuwa nyeusi na imepasuka, ya pili haina hata alama ya kugusa dramu.

Leo alfajiri nimeshuka nayo Isamilo tupu, nikapanda, nikashuka tena na magunia matano. Pedali inasimama juu, ngumu, haizami. Nilipofika chini nimezunguka na kushika dramu zote nne kwa mkono mtupu. Vuguvugu, sawasawa zote. Ile pesa ya ekseli bado ninayo. Jumamosi naanza springi, nyuma kushoto, na mawe nimeshayasogeza.