Nataka kukopi hadi diski nzima, Windows na programu zote, nianzie wapi?

Steshenari_Moro: Habari za mchana wakuu. Nina laptopu ya dukani, Windows 10, hadi diski ya GB 500 zile za kuzunguka, nimetumia kama GB 130 hivi. Humo kuna programu ya mauzo na stoo ambayo jamaa aliyetuwekea kashahama mji na simu hapokei, so nikipiga Windows upya sina pa kuipata tena. Sasa siku hizi mashine inaganda, mara inatoa mlio tk tk tk halafu inaendelea kama hakuna kilichotokea. Nataka kopi ya kila kitu, sio mafaili tu, ili ikizima leo kesho niweke diski nyingine niendelee kuuza. Eksteno ya TB 1 ninayo, na duka la jirani wana SSD (diski zisizozunguka) za GB 240. Lugha nyepesi tafadhali, mi si fundi.

dogo_janja_pc: Mkuu si unafungua C unaseleti zote unapesti kwenye eksteno, mbona simpo

FundiKihonda: @dogo_janja_pc usimpoteze mwenzio. Windows ikiwa inawaka haikuachii mafaili inayoyatumia, na hata ukiyapata yote bado hiyo kopi haiwaki, kuna patisheni (kipande cha diski) ndogo ya EFI imejificha ndo inawasha mashine, kwenye C huioni.

Mtoa mada, mi huo mlio ndo unanitisha. Leo hii kabla hujafunga duka toa data ya hiyo programu na mafaili yako ya muhimu weka kwenye eksteno, mambo ya kukloni (kukopi diski yote kama ilivyo) baadaye. Halafu shusha CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ukikuta Caution ya njano tazama mstari wa 05 na wa C5, namba za mwisho zikiwa sio sifuri sekta (vijisehemu vya diski vinavyotunza data) zimeanza kufa. Na chkdsk, ile ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, usiiguse, utaimalizia.

Steshenari_Moro: Nimecheki, njano kweli. 05 iko sifuri ila C5 mwishoni imeandika 18. Data nimeshatoa. Kuna mtu kaniambia nitumie Macrium ya bure, ile programu ya kukloni?

mama_wa_linux: Ya bure waliisitisha kuanzia 2024, kuna ya kujaribu kwa muda tu. Chukua Clonezilla, nayo ni ya kukloni, bure kabisa, iweke kwenye flashi kwa Rufus (kiprogramu cha kutengeneza flashi ya kuwashia mashine), buti, yaani washa mashine, kutokea hapo. Chagua device-image, diski yote inakuwa imeji (kopi yake iliyohifadhiwa kama mafaili) kwenye eksteno, tena inabeba sehemu zenye data tu na kuzibana, so hata GB 130 haifiki. Kwa sababu ya hiyo C5 yako ingia Expert uweke tiki kwenye -rescue, la sivyo ikigonga sekta mbovu inasimama. Kabla ya hapo zima kwa kushikilia Shift ukibonyeza Shut down, maana Windows 10 ukiizima kawaida inalala nusu na Clonezilla itagoma kuisoma C.

Ila SSD ya 240 achana nayo. Clonezilla inataka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi, haijali umetumia ngapi. Na wasikuuzie ya 480 wakakwambia ni zilezile, ni ndogo kuliko 500! Tafuta ya 500 au 512.

dogo_janja_pc: si anaweza kushrink (kupunguza saizi ya) C kwanza iingie kwenye 240

FundiKihonda: Kwenye diski yenye afya sawa, kwenye hii inayogonga hapana, kushrink kunahamisha data huku na huku na unaandika juu ya diski mgonjwa. Bora aongezee hela kidogo.

Nyongeza, wakati wa kurudisha imeji toa diski ya zamani kabisa kwenye mashine. Itakuuliza y/n zaidi ya mara moja, watu wanabonyeza y y y bila kusoma, na hapo ndo diski inafutwa. Soma jina na saizi ya diski, usiangalie sda sdb (majina mafupi ambayo Clonezilla inazipa diski) peke yake.

Steshenari_Moro: Shukrani sana wakuu. Swali la mwisho, SSD ninunue ile bapa ndogo kama ramu au ile kubwa?

mama_wa_linux: Fungua kifuniko uone ya zamani. Kama ni ya inchi 2.5 chukua SSD ya SATA (aina ya plagi ya diski) ya inchi 2.5, inakaa palepale. Na ukishairudisha fungua hiyo programu ya mauzo utoe risiti moja ya majaribio kabla hujaitupa diski ya zamani, programu nyingine leseni yake inafuata namba ya diski, ikigoma itabidi jamaa atafutwe tu.