Tupeane uzoefu: mkopo uliokukausha, wana Mtwara na Lindi

Mwalimu wa Kitangari: Wakuu, jana mshahara umeingia, nikaenda Newala mjini kutoa hela. Mbele yangu kijana kashika kadi za benki kama kumi na tano zimefungwa kwa mpira, na karatasi ya daftari yenye namba za siri. Anaingiza moja, anatoa hela, anaingiza nyingine. Miguu iliniisha nguvu. Kadi yangu ilikaa kwenye furushi la namna hiyo miezi 14. Nilikopa 400,000 kwa mtu kumuuguza mama, kadi ikawa dhamana, riba asilimia 30 kwa mwezi. Siku ya mshahara nilikuwa nasubiri nipewe chenji ya jasho langu mwenyewe. Na wewe ulikaushwa na nini?

Bint Mikindani: Mkopo wa kausha damu. Rejesho kila siku, uuze usiuze. Walibeba mpaka jiko la gesi.

Mkorosho wa Nanyamba: Mimi kangomba, kuuza korosho kwa mtu binafsi nje ya mnada. Februari njaa imebana, nikachukua hela ya mahindi kwa ahadi ya korosho ambazo hata maua hazijatoa. Kilo ilihesabiwa 1,500. Oktoba 2024 mnada wa kwanza bei ikapita 4,000. Wenzangu wanapeleka ghalani chama cha msingi, mimi nampimia mtu uani kwangu.

Mzee wa Magunia: Nimenunua kangomba miaka mingi, sioni aibu. Ulipogonga mlango usiku mtoto anachemka homa, nani alifungua? Benki?

Mkorosho wa Nanyamba: Mlango niligonga, sikatai. Ila bakuli la kupimia lilikuwa lako, na lilizidi kilo. Na biashara hiyo serikali imeikataza, unajua.

Mzee wa Magunia: Watu wakalale njaa basi?

Mama wawili, Lindi: Samahanini, naingilia. Nilikopa kwenye programu ya simu. Niliomba 80,000, ikaingia 56,000, nyingine wakaita ada. Siku 7 nirudishe 80,000 kamili. Sikuwa nayo, nikakopa programu ya pili nilipe ya kwanza, hadi zikafika tano.

Siku hiyo tuko msibani Nachingwea, kazikwa shangazi wa mume wangu. Tumekaa mkekani, simu za watu zikaanza kulia, moja, mbili, kisha mkeka mzima. Picha yangu ya kitambulisho, chini wameandika mimi ni tapeli, anayenifahamu aniambie nilipe. Wametuma kwa kila namba iliyokuwa kwenye simu yangu. Wifi yangu akasoma kwa sauti kabla hajajua ni mimi. Nilijifunika khanga usoni nikatoka kwa mlango wa jikoni.

Baba mkwe alinifuata nyuma ya nyumba. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, elfu themanini ulishindwa kuniambia?" Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kuliko ile meseji.

Bint Mikindani: Dada pole sana. Nimelia.

Fundi Masasi: Vunja laini, sajili nyingine, wakutafute hadi wachoke.

Afisa mstaafu: Asivunje laini, deni halifi na laini. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zinazokopesha bila leseni. Za kwako ziangalie kama zimo, kisha peleka malalamiko kwa maandishi pamoja na picha za hizo meseji. Kukudhalilisha kwa watu hawaruhusiwi hata wenye leseni. Na mkopeshaji mdogo mwenye leseni riba yake ina ukomo, asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwalimu, hiyo 30 yako ni wizi.

Mama Mitwero: Jiungeni vikoba, mnakopeshana mnaojuana.

Fundi Masasi: Vikoba? Mweka hazina wetu alihama na sanduku.

Mkorosho wa Nanyamba: Mimi nimeapa, njaa ikibana nachimba ming'oko, mizizi ya porini, nakula na wanangu. Korosho ya mtini siiuzi tena.

Mama wawili, Lindi: Mwalimu, kadi uliipataje?

Mwalimu wa Kitangari: Nilikwenda tawini na kitambulisho, nikaomba ile ifungwe nipewe mpya. Nilitetemeka kama naiba. Siku ya mshahara jamaa alipiga simu mara 11. Kwa daftari langu nilishamaliza zamani, kwa lake bado. Katika furushi la jana kulikuwa na kadi ya mwalimu mwenzangu, kaniambia mwenyewe jioni. Jumatatu nampeleka tawini, nimeshaomba ruhusa kwa mkuu wa shule.