Begeli ya mbegu nyeusi imenikwamisha kazi, naomba msaada

Kutoka: Mama Warda, Bronx

Assalamu alaykum ndugu zangu, na habari za asubuhi kwenu nyote.

Naandika nikiwa sina raha. Wengi mnajua nilivyohangaika na cheti cha CNA, cha msaidizi wa wauguzi, tangu mwaka jana. Nimepasi, na mwezi huu nimeitwa na nyumba moja ya wazee. Usaili ulikwenda vizuri, I-9, fomu ya ruhusa ya kufanya kazi, nimejaza, alama za vidole nimetoa, ikabaki kipimo cha mkojo tu, cha dawa za kulevya. Jumatano nikapigiwa simu na karani wa ofisi ya ajira: kipimo kimeonyesha mofini, ile dawa kali ya maumivu itokanayo na kasumba. Mimi, ambaye hata dawa ya kichwa naimeza kwa kulazimishwa!

Usiku kucha nimejiuliza nimekula nini. Karibu na kituo changu cha treni kuna kiduka cha begeli, ile mikate ya duara yenye tundu, kaunta moja na viti vitatu, napita pale kila asubuhi. Kijana wa kaunta ananijua, nikiingia tu keshashika kisu. Yangu ni begeli ya mbegu nyeusi na siagi. Nimeila miezi sita nikijua ile ni habasoda. Kwetu habasoda ni dawa, Mtume (S.A.W.) kaisifu, na mimi nilifurahi kuona hata huku wanaithamini. Juzi binti yangu ndiye aliyeniambia, "Mama, hiyo si habasoda, hiyo ni popi." Mmea ule ule unaotoa kasumba.

Swali langu ni hili: mwenye duka akiniandikia barua kwamba nanunua begeli hizo kila siku, itakubalika? Na nimpelekee nani, ofisi ya ajira au daktari wa maabara?

---

Kutoka: Dereva wa Jersey

Dada Mama Warda, pole sana. Usilie, na zaidi ya yote usizime simu.

Nina CDL, leseni ya lori, mwaka wa kumi na moja huu, mambo ya vipimo nayajua. Majibu yakitoka maabara humwendea MRO, daktari wa kuyapitia. Yeye ndiye mwenye kauli, karani hana. Namba zao huwa ngeni, na sisi kwa kuogopa matapeli tunaacha simu iite. Rafiki yangu wa Newark aliiacha iite, siku zikapita, majibu yakaandikwa bila maelezo yake. Jina likaingia Clearinghouse, daftari la serikali la madereva walioshindwa vipimo, akapelekwa kwa SAP, mtaalamu wa mambo ya dawa za kulevya, lori likalala miezi. Tangu Clearinghouse ianze Januari 2020 hakuna pa kujificha, kila kampuni inakuona.

Ukishaambiwa rasmi una saa 72 za kuomba chupa ya pili ipimwe maabara nyingine. Mkojo hugawanywa chupa mbili mbele yako. Omba ile ya pili, dada, ni haki yako.

---

Kutoka: Nesi Mstaafu, Yonkers

Kaka Dereva, nakuheshimu, lakini usimchanganye mwenzio. Saa 72 na Clearinghouse ni mambo ya DOT, wizara ya uchukuzi, ya ninyi madereva. Dada anaomba kazi kwa mwajiri binafsi, mambo yake yanafuata utaratibu wa mwajiri huyo na sheria za jimbo. Na chupa ya pili itamsaidia nini? Mofini imo kweli kwenye mkojo. Maabara haikukosea. Kinachobishaniwa ni imetoka wapi.

Mama Warda, nisikilize vizuri. Mbegu zenyewe hazina kitu kikubwa ndani, ila wakati wa kuvuna hupakwa na utomvu wa tumba la popi, na utomvu huo ndio wenye mofini na ndugu yake kodeini. Shehena moja inaweza kuwa safi, ya pili ikawa imechafuka, na kwa macho huwezi kutofautisha. Kuosha na kuoka hupunguza, hakumalizi. Ndiyo maana mwaka 1998 serikali kuu ilipandisha kiwango cha vipimo vyake kutoka nanogramu 300 kwa mililita hadi 2,000: watu walikuwa wanakwama kwa sababu ya mikate. Lakini mwajiri binafsi hafungwi na kiwango hicho, na wapo wanaotumia 300 mpaka leo.

Kwa hiyo kwanza omba NAMBA. "Imeonyesha mofini" si jibu. Mofini ngapi, kodeini ngapi, kiwango chao ni kipi, na je, ni kipimo cha awali tu au kimethibitishwa? Omba kwa maandishi. Na kuanzia leo usiile tena begeli hiyo.

Usijione uko peke yako. Pennsylvania mwaka 2010 mama mmoja alikula begeli yenye mbegu hizi kabla ya kujifungua, hospitali ikampima, na mtoto wake akachukuliwa akiwa na siku tatu. Alirudishiwa baada ya siku tano. Kesi ikaenda hadi 2013, akalipwa dola 143,500. Mtoto wa siku tatu, jamani. Nilifanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, habari ile iliniuma, na bado inaniuma.

---

Kutoka: Dereva wa Jersey

Dada Nesi, nimesema ninachokijua, sikusema mimi ni daktari. Na hata kwetu DOT mambo yana ngazi: mofini ikifika nanogramu 15,000 ukisema ni mbegu za mkate MRO hakusikilizi. Chini ya hapo lazima aone dalili kwamba kweli unatumia dawa. Kwa hiyo kuongea na MRO kuna maana, ndilo nililotaka dada alijue.

Hata wanajeshi wa hapa walionywa na wizara yao ya ulinzi, Februari 2023, waache kabisa vyakula vyenye mbegu hizi.

---

Kutoka: Mpemba wa Brooklyn

Shikamooni wakubwa.

Nimeisoma barua ya Mama Warda nikaenda jikoni nikamwaga habasoda yangu kwenye karatasi nyeupe, na pembeni nikakung'uta begeli ya mwanangu. Ndugu zangu, ukiziweka pamoja hazifanani hata kidogo. Habasoda ni kubwa zaidi, nyeusi ti, ina pembe kama kokoto, na ukiisugua mkononi inakupiga puani. Za popi ni ndogo kama vumbi la mchanga, duara lenye kibonyeo kama figo, na ukizisogeza dirishani si nyeusi, ni za rangi ya majivu yenye ubuluu. Hazina harufu ya kitu. Lakini zikishabanwa juu ya mkate, nani atatazama? Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza niliingia duka kama hilo nikaona mikate ya duara imepakwa mbegu, nikakumbuka mkate wa ufuta, machozi yakanilenga. Mkate wa ufuta unaunyanyua unakuta umelowa tui, unaukata na pweza. Huku nikauma kitu kigumu kama kamba ya jahazi. Nilikasirika. Sasa nimezoea, na begeli ya moto naipenda kweli, ila mwaka ule nilihisi nimedanganywa.

Jambo moja la haraka: msizibebe mnaposafiri nyumbani kupitia Dubai. Kule mbegu za popi haziruhusiwi, na Singapore vilevile. Watu wanapenda kuwapelekea wazazi begeli za New York kwenye mkoba. Chukueni za ufuta au kavu, zisizo na mbegu.

---

Kutoka: Mhasibu, Queens

Mimi yangu na maduka haya ni kodi, na nimewahi kugombana.

Nilikuwa nanunua begeli nzima kila asubuhi, bei naijua. Siku moja nikasema wanikatie katikati, bei ikapanda. Nikadhani kijana ananiibia kwa sababu ya lafudhi yangu. Nikapaza sauti, foleni yote ikageuka. Nilipofika nyumbani nikasoma: katika jimbo la New York begeli nzima ya kuondoka nayo haitozwi kodi ya mauzo, lakini ikikatwa, ikachomwa, ikapakwa kitu, au ukaila pale pale, inahesabiwa chakula kilichoandaliwa na inatozwa. Hapa jijini ni asilimia 8.875. Kijana hakuwa na kosa. Nilirudi kesho yake nikamwomba radhi mbele ya watu, kwa sababu nilimfokea mbele ya watu.

Na wenye EBT, kadi ya msaada wa chakula, mjue, ukisema wakuchomee, kadi inakataa. SNAP, msaada wenyewe, hainunui chakula cha moto.

---

Kutoka: Mwanafunzi wa Albany

Kaka Mhasibu, kwenye EBT umesema nusu. Si moto peke yake, duka lenyewe lazima liwe limeidhinishwa kupokea SNAP, na viduka vingi vya begeli havijaidhinishwa hata kwa ile baridi. Nilisimama kaunta nina njaa, kadi imekataliwa mara tatu, nyuma yangu watu kumi na kila mmoja anatazama saa. Mzee mmoja akanilipia bila kusema neno. Kwa hiyo tuwaambie wageni ukweli wote: tazameni tangazo la EBT mlangoni kabla ya kuingia foleni.

Na waambieni foleni yenyewe inavyokwenda. Hakuna "habari za asubuhi, nawe je". Useme yote kwa pumzi moja: aina gani, ichomwe au isichomwe, upakwe nini, unaondoka nayo. Mimi nilidhani wananichukia. Kumbe ndivyo wanavyokwenda na kila mtu.

---

Kutoka: Baba Juma, Yonkers

Ndugu zangu mnazungumza mikate wakati dada yuko hatarini. Mofini ikiandikwa mahali popote itaonekana kwenye N-400, fomu ya kuombea uraia wa Marekani. Mimi nasubiri kiapo, na kwa kweli nisingegusa hata ufuta.

Na haya yote ni kwa sababu sisi Watanzania hatuna uraia pacha. Wakenya wamepata kwa katiba ya 2010, mtu akikwama huku ana kwao. Sisi ukila kiapo umekata kamba. Lini watatusikia?

---

Kutoka: Nesi Mstaafu, Yonkers

Baba Juma, tafadhali usimtishe. N-400 inauliza habari za kukamatwa, kushtakiwa, kuhukumiwa. Kipimo cha kuombea kazi si polisi wala si mahakama. Mwenye shaka na kesi yake amwone wakili, asichukue neno langu wala lako. Na ufuta haujamdhuru mtu.

Uraia pacha nakubaliana nawe moja kwa moja. Mama yangu amezikwa Moshi, na siku nikienda kuzuru kaburi lake nagongewa viza kama mtalii. Lakini hilo tulifungulie barua yake.

---

Kutoka: Mpemba wa Brooklyn

Dada Nesi, hapo umenigusa pabaya. Baba yangu kanifariki nikiwa huku, kibali changu kikiwa bado kinashughulikiwa, sikuweza kutoka. Nilizikiwa kwa simu. Samahani Mama Warda, nimetoka kwenye swali lako.

---

Kutoka: Mama Warda, Bronx

Ndugu zangu, Mungu awalipe. Kaka Dereva, simu sasa nalala nayo mkononi. Hakuna MRO aliyenipigia, na karani nilipomuuliza kama wanaye daktari huyo alisema "nitaangalia". Dada Nesi, nimeomba namba kwa maandishi kama ulivyosema. Sijajibiwa.

Leo nimekwenda dukani. Nilimkuta mwenye duka mwenyewe, mzee wa makamo, mikono imejaa unga hadi viwikoni. Nikamweleza kwa Kiingereza changu hiki. Hakuniuliza mara mbili, alinishika mkono akanipeleka nyuma. Kule nikaona zinavyotengenezwa. Zinachemshwa kwanza, kwenye maji yenye shira ya shayiri, zinaelea kama maandazi. Akizitoa zikiwa bado zinateleza anazilaza juu ya sinia ya mbegu, anabonyeza, anageuza, anabonyeza tena. Pande zote mbili! Nilipoona mbegu zinavyoshika nikajua kwa nini mkojo wangu umesema vile. Akaniambia mkate huu babu zake waliupika Poland, na kwamba huko Kraków umetajwa kwa maandishi tangu 1610, na hajawahi kuona mtu akinyimwa kazi kwa ajili yake. Alikuwa na huzuni ya kweli, nilimwona.

Ameniandikia barua kwenye karatasi ya duka, tarehe na sahihi, ametaja gunia analonunua na kwamba mimi ni mteja wa kila siku. Akachota mbegu kijiko kimoja akazitia kwenye kifuko, akakifunga kwa gundi na kuandika siku ya leo juu yake. Kijana wa kaunta alikuwa keshashika kisu, nikamwambia hapana, leo kavu. Kumbe hata kavu hukaa kapu moja na zile nyingine. Nimekaa kwenye kiti cha mwisho nikizipangusa mbegu kwa kidole moja moja, nikashindwa, nikaiacha.

Karani amesema nafasi yangu itashikiliwa hadi Jumatatu saa nne. Barua ninayo, kifuko ninacho. Kuna yeyote kati yenu aliyewahi kuipeleka barua kama hii mahali? Alimpa nani?