RAM 8 au 16 kwa kompyuta ya steshenari? Naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

MamaRimu_Moro
Habari zenu wapendwa. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, jirani na geti la chuo. Kompyuta yangu ina RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 na diski ya zamani, ile ya kuzunguka, na sasa imenishinda. Juzi saa mbili usiku alikuja mwanafunzi na tasnifu ya kurasa 164, imejaa picha za mashamba ya mpunga, na asubuhi yake anatakiwa kuikabidhi. Nikaifungua kwenye Word, nikafungua na barua pepe yake kwenye Chrome nichukue viambatisho, skrini ikawa nyeupe. Naandika neno, herufi zinatokea nimeshainua mikono kwenye kibodi. Kupanga yaliyomo tu kulichukua dakika 11, nilikuwa natazama saa ya ukutani. Yule binti machozi yanamtoka pale kwenye benchi, na mimi roho inaniuma.

Jumamosi nashuka Kariakoo. Muuzaji mmoja amenitajia mashine tatu kwa simu, zote mtumba: HP EliteBook 840 G5 ya RAM 8 kwa 620,000, hiyohiyo ya RAM 16 kwa 740,000, na Lenovo X1 Carbon ya RAM 8 kwa 650,000. Hiyo laki na ishirini ya tofauti kwangu ni wino wa printa na rimu kadhaa za karatasi. Na ile nyembamba naipenda, maana kila jioni narudi na mashine nyumbani kwa bodaboda. Je, 8 haitanitosha kweli?

Mwl_Kihonda
Inatosha dada. Mimi naandaa matokeo ya shule nzima kwenye Excel kwa RAM 8 na haijawahi kuganda. Kinachokutesa ni hiyo diski. Hakikisha unapata yenye SSD, ile diski isiyozunguka.

FundiWaMsimbazi
Mwalimu, kwenye SSD nakuunga mkono, ila kazi ya dada na yako hazifanani.

Dada, usikisie wakati mashine uliyonayo inaweza kukujibu. Siku ya foleni, ukiwa umefungua vyote unavyofunguaga, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, halafu Memory. Watu husoma ile namba ya matumizi iliyo juu. Kwako haitasaidia, kwa sababu mashine ya 4 haiwezi kuonyesha zaidi ya 4 hata kazi ikitaka 10. Soma palipoandikwa Committed. Hiyo ni jumla ya nafasi ambayo programu zako zimeomba. Si kwamba zinaitumia yote kila dakika, lakini ikiizidi RAM kwa mbali, Windows inalazimika kuhamishia mzigo kwenye diski na kuurudisha, kuhamisha na kurudisha. Hapo ndipo herufi zinapochelewa.

Kuhusu X1 Carbon: RAM yake imechomelewa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Hiyo 8 utakayonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. 840 G5 ina sloti mbili, unafungua mfuniko wa chini kwa bisibisi na kubadilisha. Nimeshapokea wateja waliokuja na kipande cha RAM mkononi na mashine isiyo na pa kukichomeka, na sina cha kuwasaidia.

MamaRimu_Moro
Nimepima leo saa kumi jioni. Word tasnifu mbili, Chrome kurasa 14, Photoshop ya picha za pasipoti, na PDF za barua zilizoskaniwa. Juu inasoma 3.7. Committed inasoma 10.9. Nikafunga Photoshop, ikashuka 9.2.

FundiWaMsimbazi
Basi chukua 16. Kwa 8 ungekuwa umeshazidi kabla mteja wa pili hajakaa, na kumbuka kadi ya picha ya ndani nayo inachota humohumo. SSD ingekupunguzia maumivu tu.

Zamani ningekwambia nunua ya 8, uongeze baadaye ukipata hela. Lakini tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda sana, viwanda vinazielekeza kwenye seva za akili mnemba, na hata DDR4 za mtumba, aina ya RAM inayoingia kwenye 840 G5, zimefuata. Hiyo laki na ishirini ilipe sasa. Ukifika dukani fungua ukurasa uleule, tazama Slots used. Ikisema 1 of 2, una sloti ya akiba. Ikisema 2 of 2, ni vipande viwili vya 8, na vyenyewe hufanya kazi kwa pamoja, kasi inaongezeka kidogo. Yoyote itakufaa.

Kijana_wa_Mazimbu
Dada, angalia na prosesa. Baadhi ya 840 G5 zilitoka na Intel ya kizazi cha 7, na Windows 11 inakubali rasmi kuanzia cha 8. Tafuta i5-8 na namba nyingine tatu mbele. Windows 10 masasisho yake ya kawaida yaliisha 14 Oktoba 2025.

MamaRimu_Moro
Asanteni sana, nimerudi nayo. Ya kwanza aliyonitolea ilikuwa i5-7300U, nikamrudishia. Ya pili ni i5-8350U, Slots used 2 of 2, tumeelewana 725,000. Nilikwenda na ile tasnifu kwenye flashi, nikaifungua palepale kaunta pamoja na Chrome na Photoshop. Yaliyomo yalijipanga kabla sijahesabu tano.

Fundi, ya zamani nikiiwekea SSD, inaweza kubaki ya kuprinti?

FundiWaMsimbazi
Inaweza, ya 128 inatosha. Ila usiingize barua pepe wala malipo humo. Iache na printa tu, faili uziingize kwa flashi uliyoikagua kwenye hiyo mpya.